Djuma au Juma? Jinsi fomu ya kutafuta ndugu ilivyogeuka kuwa anwani ya mtandao

UVIRA – Mwezi wa pili mwaka 2025, baada ya M23 kuuteka mji wa Bukavu, watu wa Kamanyola, Luvungi na vijiji vingine vya uwanda wa Ruzizi walivuka mto kwa maelfu kuingia Burundi. Wengi walijikuta kwanza katika uwanja wa mpira wa Rugombo, huko Cibitoke. Katika kuvuka huko watoto walipotezana na wazazi, mume akabaki ng'ambo hii na mke ng'ambo ile. Na kama ilivyo kila mara, kazi ya kutafutana ilianza na mtu mwenye kalamu anayeuliza mambo machache: jina lako nani, baba yako nani, mama yako nani, umetoka kijiji gani, mliachana wapi.

Maswali hayo yalikuwepo kabla ya mtandao, na hata kabla ya redio. Ila siku hizi mara nyingi yanakaa ndani ya ukurasa wa intaneti, katika visanduku vyeupe vya kujaza. Ukibonyeza "Tafuta", majibu yako yanageuzwa kuwa mstari mmoja wa herufi unaokwenda kwenye kompyuta ya mbali. Mstari huo ndio anwani ya utafutaji. Binadamu huufanya kwa kujaza fomu mara moja. Programu inaweza kuuandika yenyewe, bila kufungua ukurasa, mara elfu kwa usiku mmoja. Hapo ndipo jambo hili linapowahusu watu wa Uvira, Fizi na wale walioko kambini: mstari unaomtafutia mama mtoto wake unaweza pia kumtafutia adui mtu wa kumdhuru.

Kadi za Geneva

Mwezi wa nane mwaka 1914, vita kuu ya kwanza ikiwa na wiki chache tu, CICR ilifungua mjini Geneva ofisi ya kushughulikia habari za wafungwa wa vita. Familia ziliandika barua kuulizia watu wao. Serikali zilituma orodha za waliokamatwa. Watu wa kujitolea walinakili kila jina kwenye kadi, na kadi zikapangwa kwa nchi, kisha kwa alfabeti. Kadi ya aliyekamatwa ilipokutana kwenye droo na kadi ya anayemtafuta, habari ilikwenda nyumbani. Kadi zilifika mamilioni. Mwaka 2014 CICR iliziweka kwenye mtandao, na hata sasa mtu anayezitafuta huchagua nchi kwanza, halafu jina, kisha anapitisha macho kwenye kadi zilizo jirani na jina hilo kama anavuta droo ya mbao.

Vita hiyo ilifika hadi Tanganyika. Mwisho wa 1915 boti mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, zilizovutwa kwa nchi kavu hadi ziwani, ziliiteka boti ya Wajerumani iliyoitwa Kingani, na mwaka uliofuata askari wa Force Publique waliingia Tabora. Nyuma yao walitembea wapagazi wengi sana, na majina ya wengi wao hayakuandikwa kwenye kadi yoyote. Droo iwe ya mbao au ya kompyuta, haimtoi mtu ambaye hakuna aliyemwandika.

Katika vita kuu ya pili CICR ilipata mashine za IBM za kusoma kadi zenye matundu. Kwa mara ya kwanza mashine ndiyo iliyoulizwa swali: toa kadi zote zenye jina hili na mwaka huu wa kuzaliwa. Mashine ilifanya haraka kuliko mkono, lakini ilikuwa na sharti lake. Swali lazima likatwe vipande, na kila kipande kikae mahali pake palipopangwa. Karani aliweza kuona kwa jicho kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja. Mashine haikuweza. Tabia hiyo kompyuta imeirithi, na familia za pwani hii zinaijua vizuri kama itakavyoonekana mbele.

Mwaka 1993, mambo mawili

Nje kidogo ya Geneva hiyo hiyo, karibu na mpaka wa Ufaransa, kuna maabara ya fizikia iitwayo CERN. Huko ndiko Mwingereza Tim Berners-Lee alikobuni mtandao wa kurasa kati ya 1989 na 1991. Moja ya huduma za kwanza kabisa zilizowavutia wafanyakazi wa CERN kuutumia mtandao huo ilikuwa kitabu cha namba za simu cha maabara: unaandika jina la mtu, unapata ofisi yake na namba yake. Yaani tangu siku zake za mwanzo mtandao ulitumiwa kumtafuta mtu kwa jina.

Utafutaji wa wakati huo ulikuwa mwepesi. Ukurasa ulikuwa na kisanduku kimoja tu. Ulichoandika kilibandikwa mwishoni mwa anwani ya ukurasa baada ya alama ya kuuliza, na maneno yakaunganishwa kwa alama ya kujumlisha. Alama ya kuuliza! Waliobuni walichagua vizuri: anwani ya kawaida inasema "nipeleke mahali fulani", na ile yenye alama ya kuuliza inasema "nipeleke mahali fulani, ukaulize hivi".

Mwaka 1993 mambo mawili yalitokea mbali mbali. Kwanza, mwezi wa nne, CERN ilitangaza kwamba mtandao ni wa kila mtu bila malipo, na mwaka huo huo kivinjari cha Mosaic, kilichotengenezwa katika chuo kikuu cha Illinois huko Marekani, kikaanza kuonyesha fomu kamili: visanduku vingi, orodha za kuchagua, vitufe. Swali likaweza kuwa na vipande vingi. Kanuni zake ziliandikwa rasmi katika HTML 2.0 mwezi wa kumi na moja 1995, na kwa sehemu kubwa ndizo zinazotumika hadi leo.

Pili, tarehe 21 mwezi wa kumi 1993, Rais Melchior Ndadaye aliuawa Bujumbura, na Warundi wakamiminika upande wa Uvira. Mwaka uliofuata, baada ya mauaji ya kimbari Rwanda, wakaja na Wanyarwanda. Kambi za Runingo, Luberizi, Kagunga na nyingine za eneo hili zilibeba watu zaidi ya 200,000. Fomu za Mosaic hakuna aliyezisikia huku. Utafutaji ulikuwa wa karatasi na wa sauti. Msalaba Mwekundu ulibeba barua za wazi za kifamilia. Picha za watoto wasio na wazazi zilibandikwa kwenye mbao ili mtu apite na kutambua uso. Katika eneo zima la Maziwa Makuu watoto zaidi ya 100,000 waliandikishwa kuwa wako peke yao.

Na ilikuwepo redio. BBC ilianzisha mwaka 1994 kipindi cha Kinyarwanda na Kirundi kilichoitwa Gahuzamiryango, yaani kinachounganisha familia, ambamo majina ya wanaotafutana yalisomwa hewani. Bukavu ilikuwa na Radio Agatashya, iliyoanzishwa mwezi wa nane 1994 na waandishi wa Uswisi kwa ajili ya wakimbizi na wenyeji wa eneo, ikanyamaza mwezi wa kumi 1996 vita vilipofika. Wakati huo huo kambi za Uvira zilivunjika, na watu wa Uvira na Fizi wenyewe wakapanda boti kuelekea Kigoma. Nyarugusu ilifunguliwa kwa ajili yao mwezi wa kumi na moja mwaka huo.

Redio ilikuwa na ubora mmoja ambao fomu haijaufikia. Jina likisomwa, sikio la mama halijali kama limeandikwa kwa "dj" au kwa "j".

Anwani inavyojengwa

Ni vema kueleza jambo lenyewe polepole, maana vijana wa Uvira wanaojifunza kuandika programu huanguka mahali pale pale.

Fomu kwenye ukurasa ina sura mbili. Sura ya nje ndiyo mtu anayoiona: "Jina", "Mahali", "Nchi". Sura ya ndani imeandikwa kwa HTML, na ndiyo programu inayoisoma. Inasema majibu yapelekwe wapi, yapelekwe kwa njia gani, na kila kisanduku kinaitwaje. Jina la ndani la kisanduku mara nyingi halifanani na lile la nje: kilichoandikwa "Mahali" kinaweza kuitwa "loc2" huko ndani. Anayejenga anwani kwa kukisia majina ya nje hupata ukurasa mtupu, akadhani ndugu yake hayumo, kumbe hakuuliza chochote.

Tuseme kuna tovuti ya mfano, isiyokuwepo, yenye visanduku vitatu. Ukijaza na kubonyeza, kivinjari kinaandika hivi:

https://mfano.example/tafuta?jina=Djuma+Amisi&mahali=Uvira&nchi=CD

Kabla ya alama ya kuuliza ni mahali pa kupeleka swali. Baada yake ni jozi: jina la kisanduku, alama ya sawasawa, jibu. Kati ya jozi na jozi kuna alama ya &. Nafasi kati ya Djuma na Amisi imekuwa alama ya kujumlisha. Herufi zenye matatizo hugeuzwa kuwa asilimia na tarakimu: kibainishi cha jina kama M'munga kinakuwa %27, na Saïdi aliyeandikwa kwa nukta mbili za Kifaransa anakuwa Sa%C3%AFdi. Hii ya mwisho ilitesa wengi, kwa sababu tovuti za zamani zilitumia mpangilio mwingine wa herufi na kutegemea Sa%EFdi. Mtu mmoja, jina moja, mistari miwili isiyoelewana. Ndiyo sababu haifai programu kuunganisha vipande kwa mkono kama mtu anayeshona gunia. Lugha za programu zina vifaa tayari kwa kazi hiyo. Python ina urlencode, unayoipa jozi nayo inakurudishia mstari uliogeuzwa sawasawa.

Angalia pia "CD" mwishoni. Mtu alichagua "Kongo" kwenye orodha, lakini kilichotumwa ni herufi mbili za nchi. Kabla ya 1997 nchi hii iliitwa Zaire na herufi zake zilikuwa ZR. Kumbukumbu iliyofunguliwa kabla ya hapo, ikiwa hakuna aliyeisahihisha, haitaitika kwa CD. Tena fomu huficha visanduku ambavyo mtu haoni, vya lugha au namba ya ukurasa, na kimoja kikikosekana seva inaweza kukataa swali zima.

Halafu kuna njia mbili za kupeleka, GET na POST. Kwa GET swali linaandikwa ndani ya anwani kama hapo juu. Kwa POST linafungwa ndani ya ujumbe na anwani inabaki tupu. GET ina faida kubwa: mama aliyeko Uvira anaweza kunakili anwani na kuituma kwa WhatsApp kwa kaka yake Nyarugusu, naye akiifungua anaona matokeo yale yale. Programu nayo hupenda GET kwa sababu hiyo hiyo.

Lakini anwani hiyo inabaki. Inabaki katika kumbukumbu ya simu, katika kompyuta ya cyber, katika daftari la seva. Barabarani, mahali ambapo simu hufunguliwa na kukaguliwa, mstari unaoonyesha kwamba ulimtafuta fulani, wa kijiji fulani, si jambo dogo. Anayetengeneza fomu ya kutafuta watu katika nchi yenye vita na kuchagua GET kwa kuwa ni rahisi hajafikiri vya kutosha kuhusu nani atakayeshika simu baada ya mama.

Milango mingi, swali moja

Haja ya kuiachia programu ijenge anwani hizi ilionekana wazi Marekani mwaka 2005. Kimbunga Katrina kilipiga New Orleans mwishoni mwa mwezi wa nane, watu wakatawanywa majimbo mengi, na tovuti nyingi zikafunguliwa kwa nia njema, kila moja na fomu yake ya kutafuta. Familia ililazimika kubisha kila mlango na kurudia jina lile lile. Watu wa kujitolea walianza kukusanya majina kwa mkono, na wengine wakaandika programu za kuyachukua kutoka tovuti moja hadi nyingine. Mapema mwezi wa tisa walikubaliana mpangilio mmoja wa kuandika habari za mtu aliyepotea, ulioitwa PFIF, ili orodha ziweze kusomana. Mmoja wa walioandika kanuni hizo, Ka-Ping Yee, alikuwa pia kati ya waliojenga Person Finder ya Google, iliyowekwa hewani siku chache baada ya tetemeko la Haiti la mwezi wa kwanza 2010.

Mwaka 2005 huo huo kampuni ya A9, ya Amazon, ilitoa OpenSearch: tovuti inatangaza yenyewe muundo wa anwani yake ya utafutaji, ikiacha tundu mahali pa neno. Programu haihitaji tena kukisia. Huo ni uungwana ambao tovuti nyingi za kutafuta watu hazina, na baadhi zina sababu nzuri ya kutokuwa nao.

Afrika Mashariki ilifuata njia yake, kwa kuwa wengi hawakuwa na kivinjari bali simu ya vitufe. Ndugu wawili wa Denmark, David na Christopher Mikkelsen, waliokuwa wamemsaidia kijana wa Afghanistan kumtafuta ndugu yake, walianzisha Refugees United, baadaye Refunite. Mwaka 2010 walianza kujaribu Uganda, pamoja na Ericsson na MTN, njia ya mkimbizi kujiandikisha na kutafuta kwa simu yake mwenyewe; kisha wakaingia Kenya na Kongo. Walifanya jambo moja la busara: mtu aliruhusiwa asiweke jina lake la kweli. Angeweza kuweka jina la utani la utotoni, kovu, au habari ambayo ndugu wa damu tu ndiye anaijua.

Djuma aliyeandikwa Juma

Sasa tatizo la pwani hii. Uvira huandika kwa masikio ya Kifaransa, Kigoma kwa ya Kiswahili sanifu, na kambi za Uganda na Kenya kwa ya Kiingereza. Mtu aliyeondoka Uvira akiitwa Djuma Amisi anaandikwa Nyarugusu kuwa Juma Hamisi. Djafari anakuwa Jafari. Ramazani anakuwa Ramadhani. Assani anakuwa Hassani. Chabani na Shabani, Oumari na Omari. Wala si karani aliyekosea. Ameandika alivyosikia, kama shule ilivyomfundisha.

Kuna pia mpangilio wa majina. Mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, na tangu hapo Wakongo wengi wana jina, jina la nyuma, na jina la ubatizo lililorudi baadaye. Fomu ya Marekani inataka mawili tu, la kwanza na la ukoo. Familia moja iliyopelekwa Marekani kutoka kambini inaweza kumkuta baba ana jina la ukoo moja na watoto lingine. Tarehe ya kuzaliwa nayo haisaidii sana, kwa kuwa wengi wasiojua siku yao waliandikiwa tarehe 1 mwezi wa kwanza.

Kompyuta ilijaribu zamani kusikia kama karani. Soundex, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1918, hugeuza jina kuwa herufi ya kwanza na tarakimu tatu za sauti zinazofuata. Ilitengenezwa kwa majina ya Marekani, na kwa majina ya Uvira inashindwa mlangoni: Djuma inatoa D250, Juma inatoa J500. Amisi ni A520, Hamisi ni H520. Herufi ya kwanza ndiyo inayoaminiwa zaidi, na ndiyo hiyo inayobadilika mtu anapovuka ziwa.

Hapa programu inayojenga anwani ina kazi ya maana kuliko kasi yake. Ikipewa "Djuma Amisi" inaweza kuandaa mistari yote: Djuma na Juma, Amisi na Hamisi, jina mbele na jina nyuma, CD na ZR. Vipande vinne vya hali mbili mbili vinatoa anwani 16. Mama aliyechoka, mwenye mega chache za intaneti, hawezi kujaza fomu mara 16. Programu inaweza, na kumletea majibu mawili au matatu ya kuangalia. Kanuni za dj na j, ou na u, ch na sh, h inayoanguka, huenda zisiwemo zote katika kifaa kilichotoka nje. Anayezijua ni mtu wa Kavimvira au Makobola aliyekua akiona majina hayo kwenye daftari la shule.

Mlango unaofaa kufungwa

Sasa upande wa pili. Programu inayoweza kuuliza majina 16 inaweza kuuliza 16,000. Mtu mbaya akichukua orodha ya majina ya ukoo wa jamii fulani na vijiji vyake, anaweza kuiachia programu usiku kucha na asubuhi awe na orodha ya nani yuko kambi gani. Watu wa hapa hawahitaji kufundishwa hatari ya orodha. Tarehe 13 mwezi wa nane 2004, wakimbizi waliotoka upande wa Uvira, wengi wao Banyamulenge, waliuawa kambini Gatumba, kilomita chache kutoka mpaka wa Kavimvira. Waliokufa walizidi 150. Wauaji hawakuhitaji mtandao kujua nani analala hema gani.

Tangu 1994 kuna desturi, iliyopendekezwa na Martijn Koster, ya tovuti kuweka faili dogo liitwalo robots.txt linalosema programu zisiingie wapi. Ni kibao cha mlangoni tu. Mwenye adabu anakisoma, mwizi anakipita. Ulinzi wa kweli ni kupunguza maswali yanayopokelewa kwa saa, kutotoa majibu hadi mtu athibitishe uhusiano, na kutoweka majina hadharani kabisa. Katika Trace the Face, iliyoanza Ulaya mwaka 2013, Msalaba Mwekundu unaonyesha picha ya uso wa anayetafuta ndugu yake bila jina lake. Ni ule ubao wa picha za watoto wa miaka ya 1990, umerudi kwa njia nyingine. Anwani ya kutafutia majina haiwezi kujengwa pale, kwa kuwa jina halimo.

Hata hivyo hatari haipiti mlango wa mbele peke yake. Mwezi wa kwanza 2022 CICR ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia kwenye seva zenye habari za watu zaidi ya 515,000, kutoka vyama vya kitaifa visivyopungua 60: waliopotezana na familia, waliotoweka, wafungwa. Hawakutumia fomu yoyote. Walipenya kwenye kasoro ya programu ambayo haikuwa imezibwa. CICR ilizima mfumo mzima, wakati ambapo kazi hiyo ilikuwa ikiwakutanisha na familia zao watu 12 kwa siku kwa wastani duniani.

Kwa hiyo wanaotafuta ndugu kutoka uwanda wa Ruzizi, Uvira na Fizi bado wanapita kwa Msalaba Mwekundu wa Kongo, wa Burundi au wa Tanzania, na huduma hiyo haina malipo. Anayedai pesa si wao. Inafaa kwenda na jina limeandikwa kwa kila namna familia inayoikumbuka, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, pamoja na jina la mama na jina la kijiji. Djuma hubadilika akivuka maji. Kiliba, Sange na Makobola huandikwa vile vile pande zote za ziwa.